Jani Lililoliwa na Mbuzi

Nilipelekwa shule ya bweni Old Moshi nikiwa mtoto wa fundi cherehani wa mjini, mwenye kanzu safi na woga wa maji baridi. Wenzangu wa mlimani waliugundua woga huo wiki ile ile.

"Mswahili, njoo utawadhe!" aliita mkubwa wao kila alfajiri, kisha akanikandamiza kichwa kwenye mfereji ushukao kutoka msituni. Wengine walicheka. Mwalimu wa zamu alisema tunafundishana uanaume. Uanaume wangu uliingilia sikio la kushoto, likavimba, likatoa usaha, halafu likafa.

Mwalimu mkuu, Mwingereza, alimfukuza yule kijana. Alimwambia baba wa kijana huyo kwamba angemrudisha endapo baba yangu angemwombea. Sisi hatukuambiwa.

Basi mzee yule akashuka kwa miguu hadi kwetu, amevaa koti lake la kanisani. Baba hakuwepo.

"Shikamoo, baba," mama alimpokea.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta hili kwa ajili ya watoto wetu." Akampa jani refu la kijani, kwa mikono miwili. Mama alishukuru, akampa chai. Mzee aliahidi kurudi Jumamosi kuonana na baba, akaondoka na uso mwepesi.

"Dawa gani hii?" mama aliniuliza mimi, niliyekuwa nyumbani nikiuguza sikio.

Mimi, msomi wa nyumba, nililinusa, nikatangaza kuwa ni chakula cha mifugo. Tulikuwa na mbuzi.

Jumamosi mzee alikuta kipande kilichobaki kimekanyagwa kwenye mavi. Alikitazama, akamtazama mama, akavaa kofia yake. Baba alimkimbilia hadi barabarani: "Mzee, hata chai jamani?" Hakugeuka. Mwanawe hakurudi shule.

Nilielimishwa chuo kikuu, na mwenzangu wa Uru, kule kule mlimani. Lile ni isale, alisema. Aliyekosa hulileta kuomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kulikataa, hata kama kumemwagika damu. "Nyinyi mlilifanyaje?" Nilimwambia. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Likizo iliyopita nilipanda Old Moshi, nimevaa suti, isale mkononi. Nilimkuta yule kijana aliyefukuzwa, sasa mtu mzima, akipogoa kahawa, mgongo umepinda kwa miaka ya kuwabebea wageni mizigo mlimani. Baba yake alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba.

"Hatukumkataa mzee," nilisema, nikimpa jani. "Hatukujua."

Alilipokea. Alilizungusha vidoleni kwa muda mrefu, na kwa muda huo nilijiona nimesamehewa. Halafu akahamia kwenye mche mwingine, upande wangu wa kushoto, akaanza kusema huku akikata matawi. Alisema mengi, kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Sikusikia hata neno.

Kumwomba arudie kungenilazimu kumkumbusha sikio lilikufaje, na mkono wa nani ulilizamisha. Ningekuwa nimekuja kuomba radhi na kumshitaki kwa pumzi moja. Kwa hiyo niliitikia kwa kichwa, kama nifanyavyo kwenye vikao vyote ninavyosifiwa kwa busara.

Akageuka, akanikabili.

"Kumbe hata wewe unakubali kwamba mlijua," alisema.

Akanirudishia jani, kwa mkono mmoja, akaendelea kupogoa.

Nilishuka nalo hadi mjini. Mama hafugi mbuzi tena.