Turubai la Kijani

Mama wa kitalu ninayenunua kwake miche ya nyanya ana mikono mizito kama ya fundi mawe, lakini jani huligusa kwa nyuma ya vidole, kama anayempima mtoto homa. Kila mche huuita "mwanangu", na bei yake haishuki hata umpigie magoti. Nimejaribu. Safari hii nilikuta amefunika kitalu kizima kwa turubai la kijani, eti majani yafurahie rangi yao. Miche ilikuwa imerefuka na kupauka, shingo kama uzi.

"Dada, umejiroga mwenyewe," nikamwambia. "Jani ni la kijani kwa sababu mwanga wa kijani ndio linaoutema. Linapenda mwekundu na wa buluu, na turubai lako limeuzuia. Niuzie yote nusu bei, nikupunguzie hasara."

Akasugua jani moja. "Wagonjwa siuzi, kaka."

Akapanda juu ya ndoo, akalifungua turubai kamba kwa kamba, akatandaza chandarua cheupe. Kisha akainama. "Nisameheni, wanangu. Nimewapikia msichokula." Akanigeukia. "Na wewe, rudi wakishashiba. Bei ni ileile."