Bwana Aliyerudi Kutoka Aru

Kama unataka kucheka, cheka sasa, mimi nitangoja. Wengi wamecheka kabla yako, hata padri mmoja. Lakini ukimaliza unisikilize mpaka mwisho, maana jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, Bunia, nikiwa na akili zangu zote na bila tone la pombe kinywani. Sikuhadithiwa na mtu. Niliona.

Ilikuwa enzi ya Zaire, wakati kila mwanaume aliyejiheshimu alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, na Jumamosi tulitoka wote kufyeka majani kwenye salongo, kazi ya lazima ya pamoja. Mimi nilikuwa kijana. Baba alikufa Mahagi nikiwa mdogo, mama akanileta Bunia, tukapata nyumba ya matofali ya udongo katika mtaa wa Saio, kartie kama tunavyosema. Nilijaribu kuuza samaki wa ziwani, nikajaribu kupakia mizigo kwenye malori, kamiyo zetu. Hakuna kilichoshika. Halafu tukasikia kwamba polisi inatafuta vijana wa usalama wa kartie. Hawakutaka watu wa kupiga watu. Walitaka watu wa kukaa na raia, wa kusuluhisha ugomvi kabla haujawa damu. Nikaenda. Wakanichukua.

Usifikiri tulipewa bunduki. Tulipewa filimbi, fimbo, na koti la bluu ambalo lilinipwaya mpaka mama akalikata mikono na kuishona upya. Mkubwa wetu alikuwa mwanaume mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alitusimamisha juani, akatuambia:

"Askari anaogopwaka. Weye unapashwa kujulikana. Ingia mu nyumba za watu, salimia, kula kama wanakupa chakula. Siku shida itafika, watakuita kabla ya kushika panga."

Niliipenda kazi ile, niamini. Mwanzoni watu walikimbia wakiona koti. Baadaye akina mama wa sokoni wakaanza kuniita "mutoto yetu", na wanaume waliogombania mpaka wa shamba wakaniwekea kiti katikati yao. Jioni mama yangu alikaa kwenye baraza akinisikiliza nikimhadithia, na nilimwona anavyojivuna.

Sasa, alasiri moja mwanamke aliingia kwenye bilo, ofisi yetu, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Nilimfahamu. Aliitwa Mama Afoyo, kwa jina la binti yake mkubwa, na nyumba yake haikuwa mbali na yetu. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama:

"Shefu, nimekuja kuomba mutoe mutu mu nyumba yangu."

"Mutu gani, mama?"

"Sijue. Iko na uso ya bwana yangu."

Wenzangu waliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana mwanamke yule hakuwa mtu wa mizaha.

Bwana yake aliitwa Unega. Alikuwa mchuuzi wa kwenda Aru na kurudi: sabuni, vitenge, batri, vitu vyote vilivyovuka kutoka Uganda. Kartie nzima ilimjua, na si kwa wema. Alikunywa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, mpaka macho yakawa mekundu, na akinywa alimpiga mke wake. Siku moja mimi mwenyewe nilimnyang'anya mchi mkononi. Safari ile ya mwisho alikawia sana kule Aru. Halafu akarudi kwa miguu, bila mzigo, akasema wezi walimnyang'anya njiani.

Na tangu arudi, Unega alikuwa mtu mwingine. Watu wote walilisema hilo, na walilisema kwa furaha. Hanywi tena! Anasalimia wazee! Anachota maji mwenyewe, mchana, mbele ya wanaume wenzake! Kaka zake walimwambia Mama Afoyo amshukuru Mungu.

Nami nikamwambia karibu maneno hayo hayo. "Mama, zamani alikuwa anakupiga. Sasa hakupigi. Unalia nini?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Ule wa kunipiga alikuwa bwana yangu. Nilijua hasira yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Huyu sijue kitu juu yake. Bwana yangu hakujuaka mahali nafichaka chumvi. Huyu hakuuliza. Alifika, akanyosha mukono, akashika." Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka juu ya meza yetu. "Na uangalie huyu. Tangu alimubeba, halie tena. Mutoto wa kunyonya, shefu. Halie hata na njaa."

Mtoto alikuwa macho. Alitazama dari na hakujinyonganyonga kama watoto wafanyavyo wakilazwa juu ya mbao.

Mkubwa wetu alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili. Alitokea akijifuta jasho. "Hii ndiyo kazi yako," akaniambia. "Enda, kaa nao, uturudishie amani."

Tukaenda. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya vilima, na upepo ulirusha vumbi jekundu machoni. Tulimkuta mwanaume amekaa mlangoni juu ya kibao, miguu imekutana. Uso ulikuwa wa Unega, kovu la juu ya nyusi la Unega, meno yake yale yale. Alisimama, akanipokea kwa mikono miwili, akanipa kiti kizuri. Akamtuma Afoyo, binti wa miaka kama mitano, alete chai. Kisha akamchukua mtoto mchanga kutoka kwa mama yake, taratibu, akampakata juu ya goti.

Mvua ikaanza. Unajua mvua ya Bunia inavyopiga bati. Ilinibidi nisogeze kiti karibu naye ili nimsikie.

Akasema: "Bibi yangu amechoka, shefu. Simukasirikie. Nilimutesa sana zamani."

Nikasema ni vizuri kukiri. Nikamwuliza habari za njiani, za wezi, za Aru. Alijibu yote bila kusita, sauti moja, kama maji yanayotoka kwenye bomba. Na hapo, wakati anaongea, macho yangu yakashuka kwa mtoto.

Midomo ya mtoto ilikuwa inacheza.

Ngoja, usiseme mtoto alikuwa ananyonya hewa. Mimi pia nilisema hivyo moyoni. Nikatazama vizuri. Mwanaume alisema, "Kunywa chai, shefu, itapoa," na midomo ile midogo isiyo na jino ilifunga mahali ilipopaswa kufunga, ikafunguka mahali ilipopaswa kufunguka. Kunywa. Chai. Shefu. Itapoa. Sauti ilitoka kwa mkubwa, lakini maneno yalikuwa katika vinywa viwili. Na macho ya mtoto yalikuwa yananitazama mimi.

Nikageuka, nikamwona Mama Afoyo amesimama kwenye kona karibu na jiko.

"Umeona?" akauliza.

Ungefanya nini, weye? Kukimbia? Niliwaza kukimbia, sikufichi. Lakini nilikuwa nimevaa koti lile, na mwanamke yule alikuwa amekuja kwangu kwa sababu ya koti. Nikasimama, nikasema kwa sauti niliyoikaza:

"Baba, leo nitawapeleka mama na watoto kwa dada yake, kule kartie ya Lumumba. Mambo ikitulia, tutazungumuza."

Nilingoja akatae. Hakukataa. Yeye mwenyewe alininyoshea mtoto, nikampokea, baridi kama kitambaa kilicholala nje.

"Sawa," akasema. "Unafanya kazi yako. Lakini uniachie jina yako, shefu. Nijue nani amechukua watu yangu."

Tulikuwa tumefundishwa hivyo: raia akikuuliza jina, mpe. Usijifiche nyuma ya koti. Basi nikampa. Jina langu, jina la baba yangu, mahali nilipozaliwa. Akalirudia polepole, mara moja, kama mtu anayeonja mboga. Halafu akatabasamu, akakaa tena mlangoni. Tukapita pembeni yake, tukaingia mvuani.

Tulipokaribia Lumumba, mtoto alilia. Alilia kwa nguvu, mpaka akashikwa na kwikwi, na Mama Afoyo akapiga magoti katika matope ya barabara, akamnyonyesha hapo hapo akiimba na kulia.

Asubuhi nilirudi Saio na mkubwa wetu pamoja na wenzangu. Mlango ulikuwa wazi. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, mitungi imejaa maji, vitanda vimetandikwa, moto unawaka chini ya sufuria. Mtu hakuwamo. Majirani hawakumwona akitoka.

Hazikupita siku nyingi, akafika dereva mmoja wa kamiyo kutoka Mahagi. Alibeba kiatu, mkanda na shati la Unega ndani ya mfuko. Kamiyo ilipinduka kwenye mteremko wakati wa kwenda, akasema, kabla hata ya kufika Aru. Walimzika Unega kando ya barabara, maana joto lilikuwa kali. Dereva alikuwa anawatafuta jamaa za Unega tangu wakati ule. Mama Afoyo alilishika shati, akalinusa, akaanza kilio cha mjane. Alimlilia mwanaume aliyekuwa akimpiga, akamlilia kweli.

Nilifikiri imeisha. Kumbe kwangu ndiyo ilikuwa inaanza.

Mzee mmoja wa Saio alinisimamisha njiani. "Aksanti, shefu, kwa maneno ya jana. Mimi na mutoto yangu tumepatana." Jana hiyo nilikuwa nimeshinda kitandani na homa. Nikadhani amenichanganya na mwenzangu. Kisha mama mmoja akanishukuru kwa kumtengenezea paa. Kisha mkubwa wetu akaniita mbele ya wote, akanisifu kwamba ugomvi wa ng'ombe uliotushinda sote nimeumaliza peke yangu, kwa upole, bila kupandisha sauti. Nikapandishwa cheo. Ndiyo, nilipandishwa cheo kwa kazi ambayo sikuifanya.

Nyumbani mama alinipokea jioni akicheka. "Umesahau kitu? Si umetoka hapa sasa hivi?" Akanionyesha kuni zilizopasuliwa na kupangwa vizuri ukutani. "Leo umekaa na mimi sana, mutoto yangu. Umeniuliza habari ya baba yako. Haukuniulizaka."

Nilimkanya. Nilimwambia asimfungulie mtu mchana nikiwa kazini. Akauliza, "Hata weye?"

Halafu wanawake wakaanza kuja bilo, mmoja mmoja, kwa aibu. Hawakuja kushtaki. Waliuliza tu. "Shefu, siku ile ulimubeba mutoto yangu… ulimufanya nini? Halie tena." Nikatazama watoto wale migongoni mwao. Walikuwa macho, kimya, wote wananitazama mimi. Wawili walikufa kabla msimu wa mvua haujakwisha, na hakuna mganga wala daktari aliyesema ni ugonjwa gani.

Nilirudisha koti. Mkubwa alikataa kulipokea, akasema, "Mutu kama weye? Watu wanakupenda!" Nikaliacha mezani na filimbi juu yake. Nikamwomba mama tuhame, akakataa: makaburi ya ndugu zake yalikuwa yameshakuwa Bunia. Nikaondoka peke yangu mpaka Aru, nikapata kazi ya kushusha mizigo mpakani. Nilijiambia kwamba nikikaa mbali, kitu kile kitapoteza njia. Na wale akina mama walinitumia habari kwamba watoto waliobaki wameanza kulia. Nikamshukuru Mungu.

Miaka ilipita. Nilimtumia mama salamu na chochote nilichopata, lakini mimi mwenyewe sikukanyaga Bunia. Siku niliposikia mama ni mgonjwa sana, nilipanda kamiyo ya kwanza, juu ya magunia. Barabara ilikuwa matope matupu, tukalala njiani, tukasukuma gari. Nilipofika Saio nilikuta viti vya msiba uwanjani. Walikuwa wamemzika asubuhi ile.

Jirani, mama mtu mzima, alinishika mikono. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mutoto muzuri," akasema. "Wote tuliona. Ulikaa na mama yako usiku na mchana. Ulimulisha kwa mukono yako. Ulimufunga macho. Yeye alikufa anakuangalia, anacheka."

Nilikuwa na matope ya barabara mpaka kiunoni. Hakuyaona, au hakutaka kuyaona.

Sijui nimchukie au nimshukuru yule mwenye uso wangu. Nakuambia kweli, nimezeeka na bado sijui. Mama yangu alikufa mikononi mwa mwanawe, na mwanawe hakuwa mimi. Kuoa sikuoa, maana nitamwambiaje mwanamke amfungulie mlango bwana wake akirudi safarini?

Basi, weye unayenisikiliza, umenipokea vizuri, umenipa chakula. Niangalie uso sasa, uniangalie vizuri. Nikitoka hapa sitarudi leo, wala kesho. Akirudi mtu mwenye uso huu, akakuambia kwa upole kwamba amesahau kitu, usifungue. Na mtoto wako, usimpe ambebe.