Kamba ya Bendera

Enzi za Zaïre, shuleni kwetu Goma, bendera ilipopandishwa asubuhi hata kujikuna ilikuwa marufuku. Mimi nilikuwa mutoto wa kike nisiyejua kutulia. Miguu ilicheza yenyewe, na direkta alinichapa akisema ninaidharau bendera. Nyumbani walisema nina shetani. Wakanipeleka kuombewa, nikazungukazunguka hata katikati ya maombi. Fimbo na maombi, vyote kazi bure!

Mwalimu wangu, mama mmoja kutoka Bukavu, hakunichapa wala hakuniombea. Alinitazama juma zima, kisha akasema: «Papa Direkta, huyu mutoto ndiye atavuta kamba ya bendera.»

Sijaona dawa nyingine kama ile. Kesho yake shule nzima iliganda kama mawe, direkta pia, na aliyeruhusiwa kutikisika alikuwa mimi peke yangu.