Skrini Niliyoizima Mbele ya Mama Mkwe

Mpaka leo nikimwona sokoni Bariadi mama yeyote wa kile kikundi cha alizeti, nashika njia nyingine, na nyinyi rafiki zangu nawasimulia haya kwa sababu tu mmeshayasikia nusu nusu kwa watu, na hiyo nusu ni mbaya kuliko ukweli (ukweli wenyewe pia si mzuri).

Mnajua kwamba kwa miaka mingi nimejifundisha mwenyewe asembla, lugha ya kuziandikia programu kompyuta kubwa, zile za kujaza chumba. Mimi ninayo ndogo tu, iliyowekewa programu ya kuiga hiyo kubwa. Nilitaka kuwafundisha vijana. Kikundi cha akina mama wakamua alizeti kilikuwa na chumba kitupu chenye umeme, na mwenyekiti wao ni mama mkwe wangu, mtu wa kijiji cha Migato. Mke wangu Minza ndiye aliyepeleka ombi (mimi na mama hatuongei marefu ana kwa ana, ni heshima), na jibu likarudi kwamba watakuja kwanza waone.

Nikapanga skrini tatu za wageni, na ya nne ya kwangu, inayoitwa konsoli, ambako mashine humpa msimamizi taarifa zake na kumuuliza maswali. Programu yangu ilikuwa ya kutuma salamu kwenye zile tatu kwa mpigo. Kwa kuwa najiona mtu wa tahadhari, asubuhi ile niliongeza kitu kimoja: kabla ya kutuma kwa wote, iniulize kwanza kwenye konsoli, na isubiri jibu langu. Halafu wageni wakiwa wanaingia nikaona konsoli inamwaga mistari ya Kiingereza isiyo na mwisho, nikaona itawatisha, nikazima kioo chake. Basi. Ni hilo tu.

Nikaiamuru programu iende. Kimya. Nikarudia, kimya.

"Baba Kulwa, hiyo salamu inatoka Maswa kwa miguu?" akauliza Mama Holo, katibu wao, wakacheka.

Hapo ningetulia, nikafikiri. Badala yake nikasema ni simu zao, zikazimwa zote, nikasema umeme ni mdogo, feni ikazimwa na joto likatushika, nikajaribu tena, bado kimya, na jasho likinitoka nikafuata waya kwa macho mpaka kwenye kiti cha mama mkwe, na ulimi ukanitangulia: "Mama, hebu ondoka hapo, umekanyaga waya!"

Minza akafumba macho. Mama akainuka, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka nje. (Hakuwa amekanyaga chochote, waya ulipita nyuma ya kiti.) Nikaiendesha programu mara ya nne.

"Na hii nyeusi mbona hutuwashii?" akasema Mama Holo, na kabla sijamjibu akabonyeza kitufe.

Konsoli ikawaka. Maswali manne, moja chini ya jingine, kila moja na namba yake: NITUME KWA WOTE? JIBU NDIYO AU HAPANA. Mama Holo akayasoma kwa sauti, yote manne. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imeniuliza, ikakaa kunisubiri.

Mwenye akili angejibu hapana. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na skrini zote tatu zikajaa ile salamu yetu ya Kisukuma ya mchana niliyomwandalia mama kwa siku nyingi, mara nne nne: MWADILA MAYU, KARIBU UKAE.

Kiti kilikuwa kitupu. Safari hii hakuna aliyecheka, na ningefurahi wangecheka.

Minza akatoka nje, akakaa huko kidogo, akarudi na jibu. "Mama anasema mashine yako ina adabu, inauliza kwanza. Chumba utapata ukishajifunza kwa mashine hiyo."

Nimeomba radhi kupitia kwa Minza. Kioo cha konsoli sikizimi tena, na nikitaka mtu asogee namuuliza, kisha nasubiri. Kwa mama, bado nasubiri.