Mtathmini wa Bima na Mkono wa Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa kuunda boti za mbao hapa Ujiji, na kwa miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akimwambia mtu wa nje kwamba anaumwa. Hata malaria ikimlaza, atakuambia amechoka kidogo. Kwa hiyo alipogongwa na lori nilipaswa kujua mapema kwamba kazi kubwa isingekuwa hospitali.

Siku ile alikuwa ametoka Mwandiga kuangalia mbao, amepanda bodaboda. Kwenye mteremko wa kuja mjini, lori lililobeba madumu ya mawese likawagonga kwa nyuma. Mwenye bodaboda alichubuka tu. Mume wangu aliangukia mkono wa kushoto, ukavunjika juu na chini ya kiwiko. Walimpasua, wakamwekea vyuma, na mfupa ukaunga vizuri. Lakini daktari alitueleza kwamba mishipa ya fahamu imeumia, na vidole huenda visirudi kama zamani. Havikurudi. Vilibaki vimejikunja, na ukivigusa hajui kama umegusa.

Askari wa usalama barabarani ndiye aliyetuambia kwamba lori lile lina bima, na kwamba bima hiyo inapaswa kumlipa aliyeumia. Mdogo wangu wa kike alitusaidia kupeleka madai. Tukasubiri mpaka tukaanza kusahau, halafu tukapigiwa simu kwamba mtathmini wa bima atafika nyumbani kumwona majeruhi.

Mume wangu akaoga, akavaa shati la mikono mirefu la kwendea kanisani, akaniambia nipike migebuka, samaki wa ziwani.

"Huyu anakuja kutazama mkono," nikamwambia. "Haji harusini."

"Mgeni ni mgeni," akasema.

Mtathmini alikuwa mwanamume mpole, mdogo kwetu kwa umri, viatu vyake vyeusi vimejaa vumbi letu jekundu. Alimwamkia mume wangu kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu sana, karibu ukae." Na papo hapo akanyanyua kiti cha mninga, kile kizito, kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukikisindikiza kana kwamba unasaidia, akamwekea mgeni.

"Mkono unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu. Sijambo kabisa."

"Maumivu je?"

"Ya kawaida. Siku hizi napata usingizi."

"Na kazini umesharudi?"

"Kila siku niko mwaloni."

Hapo hakuwa amedanganya. Kila siku alikuwa kule mwaloni, boti zinapoundwa, amekaa juu ya gogo akitazama wenzake wakipigilia misumari. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake. Nilitamani kusema, lakini mtu mzima anapojieleza juu ya mwili wake mwenyewe mbele ya mgeni, nikaona nikimkatiza nitakuwa nimemvua nguo. Nikaenda kuleta samaki.

Baadaye ofisi ya bima ilitujulisha kwamba kwa kuwa majeruhi amepona na amerudi kazini, watarudisha gharama za matibabu basi. Siku hiyo sikunyamaza.

"Umewaambia umepona."

"Sikusema nimepona. Nilisema sijambo."

"Kwao ni kitu kimoja."

Aliuvuta mkono ule mapajani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ulitaka nimwambie nini yule bwana? Kwamba mke wangu ananifunga mkanda wa suruali? Nimwambie mtu nisiyemjua, halafu anilipe kwa ajili hiyo? Mbona ni sawa na kukaa barabarani nikaomba."

"Hukujigonga mwenyewe," nikamwambia.

Kesho yake nilikwenda mjini bila kumuaga, nikamtafuta mtathmini ofisini kwake. Alinikumbuka, akanivutia kiti. Nilimweleza yote: vidole, mkanda, gogo la mwaloni. Nilijiona kama ninamsengenya mume wangu. Hakunikatiza hata mara moja.

"Mama, niliandika nilichoambiwa," akasema nilipomaliza. "Nilipomwona na kile kiti nilipata wasiwasi, ila wasiwasi wangu siwezi kuupeleka makao makuu." Akatabasamu kidogo. "Baba yangu alipooza upande mmoja. Daktari akimuuliza, anasema mkono umelala vibaya."

Akaniambia anaweza kuomba kumwona tena. Ila safari hii asingekuja nyumbani, angemfuata mume wangu kazini.

Niliporudi nikamwambia mume wangu nilikotoka. Hakugomba. Alikula matonge machache tu ya ugali, akanawa, akaenda kulala mapema, na mimi nikabaki na vyombo nikijiuliza kama nimeharibu kitu ambacho hakuna bima itakayokirudisha. Asubuhi, akiwa ameshika mlango, akasema, "Mwambie aje."

Mtathmini alitukuta mwaloni, kando ya boti iliyokuwa imefika nusu. Mume wangu akaanza kumweleza: mbao hizi zinatoka wapi, kwa nini ubavu huu umepindishwa zaidi kwa sababu ya mawimbi ya huku, pamba inavyogandamizwa kwenye nyufa ili maji yasipite. Nilikuwa sijamsikia akizungumza hivyo tangu ajali. Mgeni aliuliza, yeye akajibu, mpaka mgeni akasema kwa upole, "Mzee, hebu nipigilie ubao mmoja nione."

Wenzake wakaacha kugonga. Mmoja akainama, akajifanya anatafuta kitu kwenye maranda.

Mume wangu akachukua msumari kwa mkono wa kushoto. Ukaanguka. Akauokota kwa wa kulia, akauchomeka katikati ya vile vidole vilivyojikunja, akashika nyundo, akapiga. Pigo la pili lilitua kwenye kidole. Hakushtuka. Akawa anajiandaa kupiga tena.

"Mzee," mtathmini akasema, "umejiumiza."

Akautazama mkono wake. Damu ilikuwa inatiririka kwenye ubao. "Sikusikia," akasema. Akaweka nyundo chini taratibu. "Kusema kweli, bwana, siwezi. Boti hii wanaiunda hawa. Mimi nakuja hapa kwa sababu nyumbani sijui nikae wapi."

Mtathmini akatoa leso yake, akamfunga kidole. Kisha wakakaa wote wawili kwenye gogo, akamuuliza jambo moja moja, na mume wangu akajibu kila swali. Mimi niliyekuwa nikiishi naye nilisikia mambo nisiyoyajua. Alisema anaogopa kumbeba mjukuu wetu karibu na maji. Alisema akisalimiana na watu anauficha mkono ule mgongoni.

Haikuwa rahisi hata baada ya hapo. Walimpeleka kwa daktari mwingine, wakubwa wa bima wakabishana na ripoti, na mara mbili tatu mtathmini alitupigia simu kutuambia tu kwamba bado, na kwamba hawezi kutuahidi. Mwishowe walilipa. Hawakulipa yote tuliyodai, lakini walikubali kwamba mtu huyu amepoteza kazi ya mikono yake. Mume wangu alinunua mbao, akaanza kupokea oda yeye mwenyewe. Wenzake wanapigilia, yeye anapima na kuelekeza, na boti ikipinda anaiona kabla hawajaiona wao.

Wiki iliyopita tulikuwa tunashuka pamoja kwenda mwaloni, amebeba mfuko wa zana begani. Ukaanza kumponyoka. Akasimama, akamwita fundi mwenzake aliyekuwa mbele, "Njoo unishikie huu, umenishinda."

Mwenzake akarudi, akauchukua. Nikaendelea kutembea nyuma yao.