Suti ya Kaka

Mama alifariki Jumatatu alfajiri, na kabla jua halijapanda kina mama wa kanisa walishajaa nyumbani kwetu Igogo. Walitoa viti sebuleni wakatandika mikeka, wakabandika chai. Nje vijana walifunga turubai kwa ajili ya wanaume. Sisi ni Walutheri tuliotoka Kagera, na siwezi kuwanyima watu wa usharika wetu sifa yao: ukifiwa, hukosi sufuria wala mtu wa kulia nawe. Wangekuwa watu wabaya ningewasamehe haraka.

Kitinda mimba wetu alifika kesho yake kutoka Dar, nikampokea stendi ya Nyegezi. Alizaliwa mvulana na akabatizwa mvulana, lakini tangu utotoni hakuwahi kuwa mvulana. Sijui kulieleza jambo hilo vizuri zaidi ya hapo. Huko Dar anaishi kama mwanamke na anasuka watu saluni. Siku hiyo alivaa gauni refu jeusi, na kiunoni alijifunga kitenge alichotumiwa na mama. Ndiyo, mama alijua. Alihangaika miaka mingi, akafunga na kuomba, mwisho akachoka kupigana. Alisema aliyemuumba ndiye anajua alichoumba, kazi yake yeye ni kumpigia simu mwanawe kila Jumapili baada ya ibada.

Mdogo wangu aliingia, akaamkia, akakaa mkekani karibu nami. Hakuna aliyemfukuza. Mama mmoja alikumbuka sufuria yake jikoni, mwingine akakumbuka mjukuu, wa tatu aliinuka bila hata kusingizia kitu. Punde mkeka mzima ukawa wetu wawili. Akaona aibu kwa niaba yangu, akatoka akajaribu kukaa turubaini, na wanaume wakanyamaza. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameinama karoni, anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Jioni kaka yetu mkubwa alituita kwenye kikao na mzee wa kanisa. Mzee alisema kanisa linampenda sana kijana huyu. Kaka naye alisema anampenda. Neno upendo lilizungushwa pale mpaka nikalichukia. Nilikuwa na hasira, nikawauliza ni wapi Yesu alimwambia mtu akabadili nguo kwanza ndipo amsogelee. Mzee akaniambia nisilete ugomvi msibani, kisha likatoka sharti. Mdogo wangu atatupa udongo kaburini pamoja nasi kama atavaa suti na kunyoa nywele. Asipotaka, abaki kulinda nyumba.

Mchungaji wetu, kijana mpole aliyempelekea mama Chakula cha Bwana kitandani muda wote wa ugonjwa, alikuwa amekaa kimya. Tulipotoka alinifuata.

"Dada, nikisimama peke yangu kwa ajili ya mdogo wako, Jumapili nitahubiria mabenchi," alisema. "Uniombee."

Nilimjibu aombe mwenyewe, yeye ndiye aliyesomea.

Mdogo wangu hakubishana na mtu. Alisema hakuja kushindana, amekuja kumzika mama, na kama bei yake ni suti, walete suti. Asubuhi ya mazishi nilimfumua misuko, kaka akamnyoa kwa mashine. Suti ya kaka ilimpwaya mabegani. Alijitazama kwenye kioo mara moja tu, akaniomba nimtangulie.

Tulimzika mama Kisesa, kwenye kiwanja chetu, kando ya baba. Baada ya maneno ya mchungaji watoto tuliitwa kwa kufuatana. Kaka alitupa, nikatupa mimi, kisha mdogo wangu akainama akachota udongo. Hapo mzee wa kanisa akachukua kipaza sauti.

"Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe," alisema. "Mama huyu aliomba miaka mingi, na leo mnaona kwa macho yenu. Mwana amerudi nyumbani."

Watu waliitikia amina kwa nguvu. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na kaburi liko wazi. Kisha wakamwendea, wale wale waliomwachia mkeka, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine. Wengine walilia kwa furaha, machozi ya kweli kabisa. Walimshika kichwa kile kilichonyolewa, wakamvuta kifuani, wakamwita mwanangu. Sijawahi kuwaona wema kama siku ile. Mchungaji alikuwa anatazama kitabu chake cha ibada, hafungui ukurasa.

Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa. Vijana wa makoleo waliona watoto wameshapita, wakaanza kufukia. Nilipaza sauti wangoje, lakini wimbo wa shukrani ulikuwa umeshaanzishwa na hakuna aliyenisikia. Nilijaribu kupenya kwenye lile duara la vitenge, nikasukumwa na watu wenye furaha.

Mama wa mwisho alipomwachia, vijana walikuwa wanapiga tuta kwa migongo ya makoleo na kina mama wanachomeka maua. Mdogo wangu alikuwa bado amefumba ngumi ya mkono wa kulia. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Dada," aliniambia, "sijatupa."