Orodha Niliyoituma Mimi

Asubuhi hiyo nilikuwa nagombana na Kabula, mhudumu wetu, kwa sababu alikuwa ameweka tangawizi nyingi mno kwenye chai. "Nshomile kaanza tena!" akacheka. Ndivyo Wasukuma wa pale ofisini walivyonitania, yaani "nimesoma" kwa Kihaya, kwa kuwa ni Mhaya niliyesomea uhazili Dar. Nami nilipenda kuitwa hivyo, nisiseme uongo.

Katika ofisi ile ya mkoa, Mwanza, nilichapa barua za serikali kwa serikali. Zina adabu zake: unaanza kwa salamu za heshima, unamaliza kwa salamu za heshima, kisha unagonga muhuri. Nchi jirani kulikuwa na vita, lakini kwangu vita ilikuwa karatasi tu.

Akaingia mzee mmoja, koti limechanika begani. Alisema anaitwa Silvesta, mkuu wa wilaya huko kwao. Yeye, mkewe na wenzao kumi na wawili walikuwa wamekimbia, wakafikishwa Mwanza na kuwekwa Nyakato, katika ghala la pamba lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waingie. Alileta barua ya kuomba waruhusiwe kukaa, kwenye karatasi yenye nembo ya serikali yake, pamoja na orodha ya majina yao.

"Haina muhuri, mzee."

"Binti yangu, muhuri wanao hao wanaotuua."

"Utaratibu ni utaratibu."

Barua ikikosa muhuri, tuliuliza ubalozi wa nchi husika kama unaitambua. Mkuu wangu alikuwa ziarani Magu. Ningeweza kumsubiri. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha, anisifu. Nikachapa swali, nikaweka salamu zote, nikaambatisha orodha, nikatuma kwa faksi.

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo. Salamu zimekamilika, muhuri umekolea. Ubalozi ulishukuru kwa ushirikiano na kuomba raia wake hao warejeshwe haraka.

Mungu anisamehe, nilivutiwa na jinsi ile barua ilivyopangwa.

Mkuu aliporudi alisoma, akaona muhuri, akatia sahihi. Lori likaenda ghalani, nami nikatumwa kuhakiki majina. Nilisoma moja moja. Waliitika moja moja.

Mzee Silvesta alipanda wa mwisho. Hakunitazama.

Dereva alirudi baada ya siku tatu. Alisema askari waliwapokea ng'ambo ya daraja.

Alikuwa bado anageuza lori.

Alisikia risasi.

Miaka miwili baadaye mama mmoja alikuja pale mapokezi, mkono mmoja umelemaa. Nilimtambua kabla hajasema. Alikuwa mke wa Silvesta. Wenzake walimwangukia, askari wakadhani naye amekufa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja tu. Nani aliwapa majina yetu?"

Jalada lilikuwa kabatini nyuma yangu. Nakala ya ile barua ilikuwa humo, na chini yake herufi za kwanza za jina langu, kama kila mchapaji anavyoweka.

"Sijui, mama," nikasema. "Labda huko mpakani."

Alitikisa kichwa polepole. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akaniombea nijaliwe watoto.

Nimejaliwa wanne. Kila mmoja alipozaliwa watu walinipongeza, nami nilifunika uso kwa aibu, wakadhani ni furaha.